Kulinganisha Warushaji wa Besiboli: Namba Inapovuka Bahari

Mwezi Novemba mwaka 2006 klabu ya besiboli ya Boston Red Sox ya Marekani ilishinda mnada wa aina ya pekee. Ilikubali kuilipa klabu ya Seibu Lions ya Japani dola 51,111,111, si kwa kumnunua mchezaji, bali kwa kupata haki ya kuzungumza naye. Mchezaji huyo, Daisuke Matsuzaka, alikuwa kijana wa miaka 26. Mwezi uliofuata alitia saini mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 52 nyingine.

Katika msimu wake wa mwisho nchini Japani kipimo kikuu cha kazi yake kilisomeka 2.13, na katika kipimo hicho namba ndogo ndiyo bora. Mwaka 2007, akiwa Marekani, kipimo hicho hicho kilisomeka 4.40. Mkono ulikuwa ule ule na mtu alikuwa yule yule, lakini namba iliongezeka zaidi ya mara mbili. Je, Matsuzaka alikuwa ameharibika katika majira mamoja ya baridi? Je, ligi ya Japani ni dhaifu kiasi hicho? Au namba zenyewe hazikuwa zikipima kitu kimoja?

Swali hili halihusu besiboli peke yake. Kila anayelinganisha watu waliopimwa mahali tofauti, awe mwalimu mwenye alama za shule mbili au daktari mwenye takwimu za hospitali mbili, hukutana nalo. Besiboli inafaa kuwa mfano kwa sababu kila mchezo huandikwa kwa makini, na kumbukumbu zake zimetunzwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

KAZI YA MRUSHAJI NA KIPIMO CHAKE

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa tisa. Mrushaji husimama juu ya tuta dogo la udongo, meta 18.44 kutoka mahali pa mpigaji, na kumrushia mpira mgumu unaoweza kwenda kwa mwendo wa kilometa 150 kwa saa au zaidi. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Akifaulu, hukimbia kupitia vituo vitatu na kurejea kituo cha nyumbani. Akiikamilisha safari hiyo, timu yake huandikiwa mzunguko mmoja. Mizunguko ndiyo magoli ya besiboli. Zamu ya timu kupiga humalizika wapigaji wake watatu wakitolewa, na mchezo wa kawaida una zamu tisa kwa kila upande. Mchezo huu si mgeni kabisa katika Tanzania: mwaka 2018 uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani ulifunguliwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam.

Mrushaji hupimwa kwa mizunguko aliyoiruhusu katika kila zamu tisa, yaani kwa kila mchezo mmoja kamili. Mizunguko inayotokana na makosa ya wenzake uwanjani haihesabiwi juu yake. Kipimo hicho kitaitwa hapa "wastani wa mizunguko". Hesabu yake ni rahisi. Mwaka 2013 Masahiro Tanaka wa Rakuten Golden Eagles aliruhusu mizunguko 30 katika zamu 212. Mara 9 ni 270. Gawanya kwa 212, jibu ni 1.27. Msimu huo Tanaka alishinda michezo 24 bila ya kushindwa hata mmoja.

NAMBA PEKE YAKE HAISEMI

Na ichukuliwe kwanza mifano miwili kutoka Marekani kwenyewe. Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis alimaliza msimu akiwa na wastani wa mizunguko wa 1.12. Mwaka 2000 Pedro Martínez, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyechezea Boston, alimaliza akiwa na 1.74. Kwa kutazama haraka, Gibson ni bora.

Lakini mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa warushaji. Wastani wa ligi nzima ulikuwa takriban 3.0, na wapigaji walielemewa kiasi kwamba kanuni zilibadilishwa mwaka uliofuata: tuta la mrushaji lilishushwa kutoka sentimeta 38 hadi 25, na eneo ambamo mpira huhesabiwa kuwa halali likapunguzwa. Mwaka 2000 hali ilikuwa kinyume. Wapigaji walitawala, na wastani wa ligi ya Martínez ulikuwa takriban 4.9.

Ugawanye wastani wa kila mmoja kwa wastani wa ligi yake. Gibson: 1.12 kwa 3.0, jibu ni 0.37. Martínez: 1.74 kwa 4.9, jibu ni 0.36. Maana yake ni kwamba kila mmoja aliruhusu kiasi kidogo tu zaidi ya theluthi moja ya mizunguko iliyoruhusiwa na mrushaji wa kawaida wa wakati wake, na Martínez yuko mbele kidogo. Mpangilio umegeuka.

Jambo hili linajulikana kwa kila mwalimu. Mwanafunzi aliyepata alama 60 katika mtihani ambao darasa lilipata wastani wa 35 hakufanya vibaya kuliko yule aliyepata 70 katika mtihani rahisi ambao wastani wake ulikuwa 68. Alama husomwa pamoja na mtihani wake.

Hata hivyo hesabu hii ina mpaka. Inasema mtu alikuwa mbele ya wenzake kwa kiasi gani. Haisemi wenzake hao walikuwa hodari kiasi gani. Mwanafunzi wa kwanza katika shule moja anaweza kuwa wa kumi katika shule nyingine. Ili kujua, lazima wawepo watu waliofanya mitihani yote miwili.

WALIOVUKA BAHARI

Katika besiboli watu hao ni wale waliohama kutoka ligi moja kwenda nyingine. Wao ndio daraja kati ya vipimo viwili. Jedwali lifuatalo linaonyesha wastani wa mizunguko wa warushaji wanne mashuhuri wa Kijapani. Namba mbili za kwanza ni za misimu miwili ya mwisho nchini Japani. Mbili za baadaye ni za misimu miwili ya kwanza Marekani.

Daisuke Matsuzaka (2005, 2006, 2007, 2008): 2.30, 2.13, 4.40, 2.90
Yu Darvish (2010, 2011, 2012, 2013): 1.78, 1.44, 3.90, 2.83
Masahiro Tanaka (2012, 2013; 2014, 2015): 1.87, 1.27, 2.77, 3.51
Yoshinobu Yamamoto (2022, 2023, 2024, 2025): 1.68, 1.21, 3.00, 2.49

Mtu mwenye haraka atachukua safu mbili za katikati, yaani msimu wa mwisho Japani na wa kwanza Marekani. Wastani wa safu ya Japani ni 1.51, wa Marekani ni 3.52. Uwiano wao ni 2.33. Atatangaza basi kwamba kumzuia mpigaji wa Marekani ni kazi ngumu mara mbili na theluthi kuliko kumzuia wa Japani.

Tangazo hilo lingekuwa na kosa kubwa, na kosa lenyewe linaonekana ndani ya jedwali hilo hilo.

MTEGO WA MSIMU BORA

Msomaji atazame tena safu mbili za kwanza. Warushaji wote wanne walikuwa bora zaidi katika msimu wao wa mwisho nchini Japani kuliko katika msimu uliotangulia. Hilo halipaswi kumshangaza mtu. Mchezaji huhama jina lake linapovuma, na klabu hutoa fedha namba zinapong'aa. Lakini msimu unaong'aa sana huwa na sehemu mbili ndani yake: uwezo wa mtu, na bahati. Mpira uliopigwa kwa nguvu uliangukia mikononi mwa mwenzake. Upepo uliurudisha ndani ya uwanja mpira uliokuwa ukitoka. Uwezo husafiri pamoja na mtu. Bahati haipandi ndege.

Mwingereza Francis Galton alieleza jambo la namna hii mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao. Aliona kwamba watoto wa wazazi warefu sana kwa kawaida huwa warefu, lakini si warefu kama wazazi wao. Na watoto wa wazazi wafupi sana huwa wafupi, lakini si kama wazazi wao. Tabia hiyo huitwa kurejea kwenye wastani. Hutokea kila mara kundi linapoteuliwa kwa sababu ya matokeo yake ya kupita kiasi, kisha likapimwa tena.

Inaweza kuonyeshwa darasani kwa dadu. Wanafunzi 40 warushe dadu mara kumi kila mmoja na kujumlisha. Wastani utakuwa karibu na 35. Wateuliwe watano waliopata jumla kubwa zaidi, na watangazwe kuwa mabingwa. Kisha mabingwa hao warushe tena mara kumi. Karibu kila mara jumla zao zitashuka kuelekea 35, ingawa dadu haijabadilika na hakuna aliyeharibika mkono.

Kwa hiyo msimu wa mwisho Japani si kipimo kizuri cha mahali walipoanzia wanne hao. Msimu uliotangulia, ambao haukuwa sababu ya karibu ya kununuliwa kwao, ni kipimo cha haki zaidi. Wastani wa safu hiyo ni 1.91. Kwa namba hiyo uwiano unashuka kutoka 2.33 hadi 1.84.

Upande wa pili nao una kasoro. Msimu wa kwanza katika nchi ngeni si msimu wa kawaida. Nchini Japani mrushaji wa kuanza mchezo kwa desturi hufanya kazi mara moja kwa juma. Marekani kwa desturi alipangwa kila siku ya tano, katika msimu wa michezo 162. Mpira unaotumika Marekani ni mkubwa kidogo na ngozi yake huteleza zaidi. Tanaka aliumia kiwiko mwezi Julai 2014. Yamamoto naye alirusha zamu 90 tu katika mwaka wake wa kwanza. Ukichukuliwa msimu wa pili badala ya wa kwanza, wastani wa wanne hao ni 2.93, na uwiano unakuwa 1.54. Watatu kati ya wanne walikuwa bora katika mwaka wa pili. Matsuzaka, aliyeanza kuitwa hasara, alishinda michezo 18 na kushindwa 3 tu mwaka 2008.

Hivyo kutoka kwa watu wale wale, na kwa kumbukumbu za kweli tupu, yamepatikana majibu matatu: 2.33, 1.84 na 1.54. Hakuna namba iliyoghushiwa. Kilichobadilika ni uteuzi wa misimu. Msomaji anayeletewa jibu moja tu ana haki ya kuuliza misimu ile iliteuliwa na nani, na kwa sababu gani.

MPIRA WENYEWE ULIPOBADILIKA

Hata 1.54 si tofauti ya uhodari peke yake, maana mazingira ya kila ligi bado yamo ndani yake. Ushahidi bora ulitokea Japani mwaka 2011, ligi zilipoanza kutumia mpira wa aina moja ambao haukuruka mbali kama wa zamani. Mapigo ya kuvusha uzio, ambayo humpa mpigaji mzunguko bila kizuizi, yalikuwa 1,605 mwaka 2010. Mwaka 2011 yakawa 939 tu. Mwaka 2013 yalipanda tena hadi 1,311, na baadaye ikakiriwa kwamba mpira ulikuwa umebadilishwa bila wachezaji kuarifiwa. Mkuu wa besiboli ya Japani alijiuzulu mwaka huo.

Wastani wa Darvish wa 1.44 ulipatikana katika mwaka huo wa mpira mzito. Ligi yake nzima ilikuwa na wastani wa takriban 3.0, hivyo uwiano wake ulikuwa 0.48. Mwaka 2012 huko Texas, ambako joto huusaidia mpira kuruka, 3.90 yake ilipatikana katika ligi yenye wastani wa takriban 4.1, uwiano ni 0.95. Namba ghafi zilisema kwamba mizunguko yake iliongezeka mara 2.7. Ikipimwa kila moja kwa ligi yake, ongezeko ni mara 2 hivi.

Inafaa pia kuuliza ni sehemu gani ya kazi iliyokuwa ngumu zaidi. Katika misimu yao ya mwisho Japani wanne hao walirusha jumla ya zamu 794 na kuwatoa wapigaji 828 kwa kuwakosesha mpira mara tatu, yaani 9.4 kwa kila zamu tisa. Katika misimu ya kwanza Marekani walirusha zamu 622 na kuwatoa wapigaji 668 kwa njia hiyo, yaani 9.7. Uwezo wa kumpita mpigaji haukupotea baharini. Lakini mapigo ya kuvusha uzio yalikuwa 26 Japani na 61 Marekani: kutoka 0.3 hadi 0.9 kwa kila zamu tisa. Mpigaji wa Marekani alikosa mara nyingi kama mwenzake wa Japani. Ila alipoupata mpira aliupeleka mbali. Hilo ni jibu lenye manufaa zaidi kuliko kusema kwamba ligi moja ni "bora" na nyingine ni "dhaifu".

WALE WASIORUHUSIWA KUVUKA

Mpaka hapa daraja limekuwepo. Lakini wapo warushaji ambao daraja lao lilivunjwa kwa makusudi. Kwa miongo mingi, hadi mwaka 1947, Wamarekani Weusi hawakuruhusiwa kucheza katika ligi kuu za Marekani. Walianzisha ligi zao wenyewe, na humo alitokea Satchel Paige, aliyezaliwa mwaka 1906 na kuvuma hasa akiwa na Kansas City Monarchs. Mwezi Desemba 2020 wakuu wa besiboli ya Marekani walikubali kwamba ligi saba za Weusi za kati ya mwaka 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu kama nyingine, na mwezi Mei 2024 kumbukumbu zake ziliingizwa rasmi katika orodha ya pamoja. Wastani wa Paige wa mwaka 1944, ambao ni 1.01, uliwekwa kuwa wa tatu kwa ubora katika historia yote, mbele ya 1.12 ya Gibson.

Wapo waliolalamika, na lalamiko lao lina sehemu ya kweli. Gibson alirusha zamu 304 mwaka 1968. Paige alihesabiwa zamu chache mno kuliko hizo. Msimu rasmi wa ligi za Weusi mara nyingi ulikuwa wa michezo 60 hivi, wakati ligi za Wazungu zilicheza 154. Michezo mingi ya Paige ilikuwa ya kuzunguka mijini kutafuta riziki, nayo haikuhesabiwa. Na kanuni ya takwimu ni kwamba sampuli ndogo huyumba zaidi: ili kupunguza kuyumba kwa nusu, inahitajika sampuli kubwa mara nne. Lakini kanuni hiyo haina upendeleo. Sampuli ndogo inaweza kumkweza mtu kupita kiasi, na inaweza vile vile kumshusha. Inaongeza shaka; haitoi ruhusa ya kumfuta mtu.

Tena upo ushahidi mdogo wa daraja. Mwezi Julai 1948, kizuizi kikiwa kimevunjwa, Paige alichukuliwa na klabu ya Cleveland akiwa na umri wa miaka 42, umri ambao warushaji wengi huwa wamekwisha kustaafu. Alirusha zamu 72 na theluthi mbili, akaruhusu mizunguko 20. Wastani wake ulikuwa 2.48, katika ligi yenye wastani wa takriban 4.3. Uwiano ni 0.58.

Sampuli hiyo nayo ni ndogo, hivyo ipimwe kwa ukali ule ule. Kwa kukadiria, mizunguko 20 inaweza kuyumba kwa bahati kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili, yaani 4 au 5. Hebu ichukuliwe kwamba Paige alibahatika, na kwamba alistahili kuruhusu 25. Wastani wake ungekuwa 3.10, na uwiano 0.72. Bado angekuwa mbele sana ya mrushaji wa kawaida wa ligi ile. Na huyo ni Paige wa miaka 42. Juu ya Paige wa miaka 28 mbele ya wapigaji wale, takwimu haina la kusema, kwa sababu mtihani huo haukufanyika. Hakuna kanuni inayoweza kukokotoa michezo ambayo watu walikatazwa kuicheza.

FUNZO KWA MWANAFUNZI

Anayetaka kulinganisha vipimo vya mahali tofauti na ajiulize maswali manne. Je, mazingira ya kila kipimo yalikuwaje, na wastani wa wote ulikuwa nini? Je, wapo waliopimwa pande zote mbili? Je, waliteuliwa kwa sababu ya matokeo yao mazuri, ili itazamiwe kwamba watashuka? Je, sampuli ni kubwa kiasi gani? Maswali haya yanafaa kwa alama za mitihani, mavuno ya mashamba ya majaribio na magoli ya wachezaji wa ligi mbili. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi jedwali la warushaji wanne na kuwataka watetee mojawapo ya majibu matatu mbele ya wenzao. Mjadala huo utawafundisha mengi kuliko fomula.

Satchel Paige aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 1971. Miaka sita kabla ya hapo, mwezi Septemba 1965, akiwa na umri wa miaka 59, alipanda juu ya tuta kwa mara moja ya mwisho katika ligi kuu. Alirusha zamu tatu na hakuruhusu mzunguko hata mmoja. Kwa takwimu, zamu tatu ni sampuli isiyothibitisha kitu. Kumbukumbu zimeziandika hata hivyo, pamoja na nyingine zote.